Dopamini na mkono unaokwenda wenyewe kwenye simu: hatua za kuutuliza

Dopamini, mojawapo ya kemikali za ubongo, imezoeleka kuitwa kemikali ya furaha, na jina hilo limewapoteza wengi wanaotaka kubadili tabia. Mtu anaperuzi simu saa nzima usiku, macho yanawasha, hajaona alichokipenda, na bado kidole kinasukuma kioo juu. Furaha iko wapi hapo? Kazi kubwa ya dopamini ni kuvuta: kukufanya ukitake kitu na ukifuate, kikupendeze kisikupendeze.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alilionyesha hilo kwa panya. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawali hata chakula kikiwa mbele yao. Wasipolishwa, wanakufa njaa. Lakini ukiwadondoshea maji ya sukari mdomoni, wanalamba midomo kama panya wengine. Utamu wanausikia. Walichopoteza ni msukumo wa kuufuata.

Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz naye alipima seli za dopamini za kima waliokuwa wakipewa juisi. Mwanzoni seli zilichachamaa juisi ilipofika. Kima walipozoea kwamba taa huwaka kabla ya juisi, seli zikawa zinachachamaa taa inapowaka, na juisi yenyewe ikija zinabaki kawaida. Taa ikiwaka halafu juisi isije, shughuli ya seli hizo ilishuka chini ya kawaida, wakati uleule juisi ilipotarajiwa. Baadaye, mwaka 2003, yeye na wenzake walionyesha kwamba seli hizo huzidi kuchachamaa katika muda wa kusubiri pale ambapo uwezekano wa kupata ni nusu kwa nusu.

Sasa itazame simu yako. Mlio ndio taa. Ujumbe ndio juisi, na hujui kama ni wa mpenzi, wa mdai, au ni picha ya maua ya "asubuhi njema" kwenye grupu la ukoo. Huko kutojua ndiko kunakovuta. Kwa hiyo usianze kwa kupigana na hamu ikishawaka. Anza na taa, kisha na kutojua.

Hatua ya 1: Hesabu kwa siku tatu, usibadilishe kitu

Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoonyesha muda wa kutumia simu. Android na iPhone zote zina orodha ya programu na dakika zake, pia idadi ya mara ulizoishika au kuifungua simu. Idadi hiyo ndiyo ya kuandika, kwa sababu saa mbili za filamu moja si tatizo sawa na kufungua simu mara 90.

Chukua karatasi, piga mistari mitatu: saa, mahali, na kilichotangulia. Andika "foleni ya benki", "baada ya kugombana", "chooni", "nimekwama kwenye hesabu". Usiandike "uvivu", maana hiyo ni hukumu na haikuonyeshi pa kuanzia. Siku ya tatu utaona vichocheo vilevile vinajirudia. Chagua viwili tu. Anayeshika vyote kwa pamoja huwa amechoka kabla wiki haijaisha.

Hatua ya 2: Zima taa

Acha arifa za aina tatu tu: simu za sauti, ujumbe wa pesa, na watu wachache wanaoweza kukuhitaji kwa dharura. Nyingine zote zima, pamoja na ile namba nyekundu inayokaa juu ya alama ya programu, ambayo wengi huisahau na hivyo mvuto unabaki. Magrupu ya WhatsApp yanyamazishe moja kwa moja, si kwa saa nane.

Halafu panga nyakati za kuangalia: saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku, dakika 15 kila mara. Faida ya ratiba ni kwamba inapunguza bahati nasibu. Ujumbe uliokusanyika hadi saa saba una uhakika wa kuwepo, na kitu chenye uhakika hakivuti kama kisicho na uhakika.

Hatua hii hukwama kwa mfanyabiashara anayepokea oda kwa WhatsApp. Usizime oda. Tenganisha laini: ya biashara iwe kwenye WhatsApp Business na arifa zake ziwake saa za kazi, laini yako binafsi iwe kimya. Ukichanganya, kila mlio wa mteja utakupitisha kwenye status za watu ishirini.

Hatua ya 3: Ongeza umbali

Tabia iliyokomaa huendeshwa na sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu. Kichocheo kikitokea, mkono unakwenda kabla hujaamua. Ukiweka kizuizi kidogo, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kukataza, inapata nafasi ya kuingilia. Basi chaji simu sebuleni na ununue saa ya mezani ya kengele, kwani "naitumia kuamkia" ndiyo sababu inayoirudisha simu chini ya mto. Programu inayokula muda zaidi iondoe kwenye ukurasa wa kwanza, na utoke kwenye akaunti kila umalizapo, ili kuingia tena kudai nywila.

Hatua ya 4: Jaza pengo

Saa ileile, mahali palepale, lazima pawe na kitu kingine. Kiandike kwa muundo ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha manufaa yake: likitokea hili, nitafanya lile. "Nikikaa kochini baada ya chakula cha usiku, nitashika ukili." Kusuka ukili kunafaa sana, kwa sababu mikono ina kazi na urefu unauona ukiongezeka kila baada ya dakika chache. "Nitasoma zaidi" haifai. Haina saa, haina mahali, na kitabu kiko kabatini. Kiweke kitu kipya pale simu ilipokuwa ikikaa.

Hatua ya 5: Subiri dakika 10

Siku za mwanzo hamu huongezeka. Ni lile anguko la kima waliokosa juisi: ubongo ulitarajia, haukupata. Wengi hudhani mpango umeshindwa na kurudi hapo hapo. Ukibanwa, tazama saa, hesabu dakika 10, ukiwa umesimama au unatembea. Hamu hupanda kama wimbi, kisha hushuka. Ukikubali "mara moja tu" ikiwa juu kabisa, umeufundisha ubongo kwamba kusumbua sana kunalipa.

Utafiti wa University College London uliofuatilia watu 96 ulipata wastani wa siku 66 kwa tabia mpya kujiendesha, lakini baadhi walihitaji 18 na makadirio ya juu yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Endelea kesho yake.

Yasiyofanya kazi, na yanayohitaji zaidi ya mwongozo huu

"Kufunga dopamini", yaani kujinyima kila kinachosisimua ili dopamini ipumzike, kwa siku nzima hakuwezekani. Bila dopamini mwili hukakamaa na kutetemeka. Ndivyo ugonjwa wa Parkinson ulivyo. Vyakula "vya dopamini" navyo havisaidii, kwani dopamini ya chakula haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo.

Kubeti ni jambo zito zaidi. Mkeka uliochanwa na mechi moja huusisimua ubongo karibu kama ushindi, na ndiyo maana mtu huweka mwingine palepale. Kupunguza kidogo kidogo hakutoshi: funga akaunti, omba kampuni ikuzuie, na mtu unayemwamini akushikie pesa kwa miezi ya mwanzo.

Anayetumia dawa ya Parkinson kama pramipexole akaanza ghafla kucheza kamari au kununua ovyo, amweleze daktari haraka, wala asiiache dawa mwenyewe. Na anayekunywa pombe nyingi kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege. Aanzie hospitali.