Unataka pikapu ya zamani ya bei chee huku Mtwara na Lindi? Anza chini, kwenye chasisi

Mi hizi pikapu kuukuu naziamini kwa moyo wote na nitazitetea popote. Mtu ana mikorosho yake Tandahimba, au anatoa samaki Kilwa, au ana duka Nachingwea mzigo anafuata Masasi, huyo pikapu ya zamani inamfaa kuliko kigari kizuri cha kutembelea ambacho akikiingiza kwenye mchanga wa Nanyamba wiki haiishi bampa iko chini. Na sio kwa sababu ya bei tu. Inatengenezeka. Hilux ya dizeli zile za 1988 mpaka 1997 haina kompyuta ya kukusumbua, fundi wa Ndanda mwenye boksi la spana na jeki anaifungua chini ya mwembe asubuhi na jioni unaondoka nayo, spea zipo Masasi, zipo Mtwara mjini, na zile za kuokoteza ziko kila gereji. Ukipata nzuri unakaa nayo miaka na siku ukiiuza haijashuka bei sana maana ilishashuka zamani kabla hujaikuta.

Ila huku kwetu pikapu zinafanya kazi ya mateso, afu juu yake kuna chumvi ya bahari, kwahiyo gari la bei ndogo linaweza kuwa ndo gari la ghali kuliko yote. Watu wengi wakifika kuangalia wanafungua boneti kwanza, wanasikiliza injini, wanasema injini nzima hii, wanatoa hela. Injini inashushwa, inabadilishwa hata nzima, mafundi wapo. Chasisi iliyooza au iliyokatika huna pa kwenda nayo, na hata ukipata nyingine ya kuhamishia ina namba yake, hapo karatasi zitakutoa jasho.

Kabla hujaanza kutafuta angalia kwanza mwezi. Minnada ya korosho inaanza mwezi wa 10 na hela zinaingia kwa watu mpaka kwenye mwaka mpya, kipindi hicho kila mwenye pikapu anajua wanunuzi wako wengi na bei anapandisha bila aibu, na hata gari bovu linapata mtu. Lindi upande wa ufuta hivohivo, minnada ikichangamka katikati ya mwaka madalali nao wanachangamka. We nunua mwezi wa 2 mpaka wa 4. Kifuku kimekolea, ada za shule zimeshapita na hela, mzigo wa kubeba hamna, mtu pikapu yake imekaa uani wiki nzima, hapo mnaongea vizuri. Afu mvua yenyewe inakusaidia kukagua, utaona kabini inavuja wapi na foo wili inafanya kazi kweli au ni mdomo.

Kitu kingine jiulize unabeba nini. Pikapu hizi za Hilux na Nissan ni za tani moja. Gunia la korosho likiwa la kilo 80, gunia 12 ni kilo 960, hapo umefika. Simtanki ya lita 1000 iliyojaa maji, na huko juu uwanda wa Makonde wengi mnanunua pikapu kwa ajili ya maji, ni tani moja hujahesabu tanki lenyewe wala watu. Kama mzigo wako kila siku ni zaidi ya huo basi tafuta Canter, usije ukaiua pikapu na kusema za zamani hazifai. Na kama kazi yako ni ya mjini tu, soda, mboga, mchele kutoka sokoni, kirikuu inatosha kabisa, Suzuki Carry ile ya cc 660 inakunywa mafuta kidogo, ila imetengenezwa kubeba kilo 350 na ndo mwisho wake, na kwenye mchanga mzito usiitegemee.

Injini zenyewe nitasema kifupi. Kwenye Hilux utakutana na 2L ya lita 2.4, 3L ya 2.8 na 5L ya 3.0, zote dizeli za kawaida, zote zina mkanda wa taimingi, na adui wa zote ni kuchemsha, ikichemka mara moja vizuri silinda hedi inapasuka. Kati ya hizo mi nachagua 3L au 5L, 2L ikiwa na mzigo mlimani inachoka na dereva anaikamua mpaka inachemka. Nissan Hardbody ya TD27 watu wanaidharau bila sababu, ni injini ngumu, haina mkanda wa taimingi inatumia gia, na kwa kuwa jina halivumi kama Hilux bei inakuwa chini kwa gari la hali ileile. Land Cruiser ya 1HZ ndo mwisho wa maneno lakini ukiona inauzwa bei chee jua kuna jambo.

Haya, sasa ukaguzi. Nenda na fundi wako, wako wewe, sio aliyeletwa na dalali, mlipe siku yake. Vaa nguo ya kuchafuka, beba tochi na nyundo ndogo, laza turubai ingia chini. Anza mbele kwenda nyuma unagonga chasisi taratibu, chuma kizima kinalia ng'a ng'a, kilichooza kinajibu pu, na ukiona maganda ya kutu yanadondoka kwa tabaka pagonge tena hapohapo kwa nguvu kidogo, kama nyundo inazama funga mazungumzo. Angalia sana nyuma ya kabini pale bodi inapoanzia, na pale springi za nyuma zinaposhikia, hapo ndo chasisi inakatika gari ikizidishiwa mzigo. Angalia kama pamechomelewa. Kuchomelewa kwenyewe sio kosa la kuikataa gari, kuna mafundi wanaweka bamba zuri linakaa miaka, shida ni pale palipochomelewa afu pakapakwa lami nyeusi mbichi ili usione. Chasisi ya miaka thelathini iliyopakwa lami juzi, uliza kwanini, na ikwangue mbele ya mwenyewe, akikataa umeshapata jibu.

Magari yaliyokaa pwani yakibeba samaki na chumvi ndo yanaoza zaidi, maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi yanaingia ndani ya chasisi na kutoka hayatoki, kwa nje unaona rangi safi kumbe ndani kumeisha. Unga wa salfa, ile ya kupulizia mikorosho, nao ukikaa na unyevu kwenye bodi unakula bati, inua raba ya sakafu uone. Kwahiyo kwa gari mbili za hali sawa, moja imekaa Mikindani na moja imekaa Masasi, mi nachukua ya Masasi hata ikizidi bei. Na kuna zilizofanya kazi ya kangomba, yaani korosho za magendo, zinapakiwa usiku mpaka matairi yanagusa bodi maana dereva anataka amalize kwa safari moja. Hizo utazijua springi za nyuma zimeongezwa vipande, hanga za springi zimelala, na gari likisimama tupu linaonekana limeinua mkia au limeinamia upande mmoja.

Injini ikague asubuhi ikiwa ya baridi. Muuzaji atakwambia mjomba gari hii ni ya kuwasha na kuondoka, we mjibu kwa adabu tu, mjomba kesho nakuja mapema naomba usiiwashe mpaka nifike. Ukifika weka mkono kwenye injini, ikiwa ya moto ameshaipasha, rudi siku nyingine. Kabla ya kuwasha fungua rejeta, maji yasiwe na utelezi wa oili, chomoa dipstiki, oili isiwe kama maziwa. Washa. Dizeli ya zamani kutoa moshi mweupe kidogo ikiamka sio neno, uishe baada ya muda mfupi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweusi mzito mara nyingi ni nozeli au pampu, au filta ya hewa imejaa vumbi tu, hiyo ni ya kupunguzia bei. Afu fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinaruka pete na silinda zimechoka. Fungua tena rejeta kabla haijapata moto, ukiona povu linapanda bila kukoma hedi au gasketi imekwenda. Kilomita za kwenye dashibodi usizisome kabisa, tazama pedali ya klachi imelika kiasi gani.

Kwenye kuiendesha usikubali kuzungushwa mtaani kwenye lami. Omba mlima. Ukiwa Lindi kuna Kitulo, ukiwa Masasi panda nayo Newala ukiweza, na uweke mzigo, hata mifuko michache ya saruji. Mlimani ndo utaona sindano ya temperecha inapanda, klachi inateleza, gia inachomoka ukiachia mafuta. Ukishuka, shuka na gia bila breki usikie difu, ikilia wuuu ikaacha ukikanyaga mafuta difu lina kazi. Tafuta mchanga uingize foo wili, zote mbili, ya juu na ya chini. Wengi wanasema ipo, na kweli kirungu kipo, ila propela ya mbele ilishatolewa zamani, inama uangalie.

Sasa karatasi, na hapa naomba usome taratibu maana ndo wanapolia watu wengi huku kwetu. Kadi ya gari, namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na namba ya injini, vitatu hivi vifanane tarakimu kwa tarakimu, usitazame picha ya kadi kwenye simu, shika kadi yenyewe. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake. Pikapu nyingi za zamani zimepita mikono mitano na kadi bado ina jina la mzee wa kwanza, kila mtu alikuwa anaandikishana karatasi tu, na mzee mwenyewe ameshafariki. Hapo hata kama familia nzima ni watu wema unatakiwa kuuziwa na msimamizi wa mirathi aliyepitishwa na mahakama, sio mtoto mkubwa wala shemeji. Wakikwambia tutashughulikia baadaye, waambie washughulikie kwanza afu wakupigie, na hela ibaki mfukoni kwako. Kama kadi ina jina la benki pembeni ya jina la mtu mkopo ukamilike na barua itoke.

Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, mfumo wa polisi uko mtandaoni. Mkataba muandikishane kwa mwanasheria, afu nendeni TRA wote wawili na TIN zenu mbadilishe jina, na gharama za kubadilisha jina mkubaliane nani analipa kabla ya kushikana mikono. Zile herufi za kwenye pleti, namba A, namba B, zinaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, sio mwaka lilipotengenezwa, namba D inaweza kuwa gari kuukuu kuliko namba A. Na ukitaka kubeba mzigo wa watu kwa hela, pleti ya njano ni ya binafsi, unatakiwa nyeupe na leseni ya LATRA, wale wa usafiri wa ardhini, na bima angalau ile ndogo sheria inalazimisha. Abiria kwenye bodi usipakie, najua kila mtu anafanya kwenye misiba na minadani, lakini gari likipinduka kwenye kona watu wanakufa, hilo halina mjadala kwangu.

Bei sasa. Hela yako igawe mafungu matatu, mawili ndo ya kununulia, moja la matengenezo usiliguse wala usimwambie dalali kama lipo. Orodha ya ubovu aliyoandika fundi mpe muuzaji aisome, usimtukanie gari lake, mtu amelea watoto na hilo gari, mwambie tu baba gari nimelipenda ila hivi vitu vinanidai, tufanyeje. Wazee wa huku ukiwaheshimu wanashuka wenyewe.

Ukishalichukua usilipeleke kazini kesho yake. Mkanda wa taimingi badilisha hata kama umeapiwa ni mpya. Oili ya injini, ya gia boksi na ya difu mwaga weka nyingine, filta zote, rejeta isafishwe na mipira yake ibadilishwe, breki zifunguliwe zote nne. Chasisi ioshwe kwa maji ya presha, ikauke juani, ikwanguliwe kutu afu ipakwe oili chafu iliyochanganywa na grisi, na kama uko pwani rudia kila mwaka mvua zikiisha. Mwezi wa kwanza pakia gunia 6, sio 12, na usitoke mbali na nyumbani, uone inakula oili kiasi gani na maji ya rejeta yanashuka au hayashuki, na nati za matairi zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Ikitulia hivyo mwezi mzima ndo uipeleke Liwale.