Kabla ya kuchapa mtihani wa nukta nundu, kagua njia ya faili

Mwalimu wa wanafunzi wasioona hapa Moshi akishamaliza kutunga mtihani, hubaki kuugeuza kuwa nukta nundu, na hapo ndipo programu hugoma ikidai jedwali la tafsiri, yaani faili la kanuni za kugeuza maandishi kuwa nukta, halionekani. Mara nyingi programu ni nzima na jedwali lipo. Tatizo ni njia ya kulifikia, yaani mfululizo wa folda unaoonyesha faili lilipo. Ukaguzi huu ufanyike siku moja kabla, maana mtoto asiyeona akikosa karatasi yake asubuhi ya mtihani hana pa kuchungulia.

Anza na majina ya folda. Yasiwe na nafasi wala mkato. Mkato ndio unaosumbua zaidi kwa wanaotumia Liblouis, programu huria ya kutafsiri nukta nundu, kwa kuwa yenyewe hutenganisha jedwali moja na jingine kwa mkato. Ukiyaweka majedwali kwenye folda "Darasa la 5, Hisabati", njia hiyo itasomwa kama vitu viwili na hakuna kitakachopatikana. Jina la mtumiaji wa kompyuta likiwa na nafasi, usihangaike kulibadilisha. Fungua folda C:\nukta, kazi zote ziwe humo. Njia fupi hivyo hukuepusha pia na kikomo cha herufi 260 ambacho programu nyingi za Windows bado zinakifuata.

Jedwali lisihamishwe peke yake. en-ueb-g2.ctb, la Kiingereza cha vifupisho, linaita en-ueb-g1.ctb, nalo linaita mengine. Nakili folda nzima ya majedwali, kisha andika njia ya folda hiyo kwenye LOUIS_TABLEPATH, kigeu cha mazingira cha kompyuta ambacho Liblouis husoma ili kujua majedwali yalipo. Ukimaliza, endesha lou_checktable, amri ya Liblouis ya kukagua majedwali, ukitaja jedwali unalolitaka. Kama kuna faili linalokosekana utalijua hapo hapo. Dakika hiyo moja naithamini kuliko hatua nyingine zote.

Uliyehariri jedwali kwa Notepad, washa kwanza uonyeshaji wa viendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina la faili baada ya nukta. Faili unaloliona kama jedwali.ctb huenda ni jedwali.ctb.txt. Kwenye Linux angalia na herufi kubwa: Mtihani.docx na mtihani.docx ni mafaili mawili.

Kisha flashi. Kwenye kompyuta ya stesheni, duka la kuchapa na kunakili, inaweza kuitwa E:, ya shuleni ikaiita F:, na kila njia uliyoihifadhi jana ikapotea. Hamishia mtihani C:\nukta kabla ya kutafsiri, usiufungulie kwenye flashi. Wenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nao wahakikishe folda ya Documents haikuhamishiwa ndani yake, kwani njia inakuwa imebadilika ingawa folda inaonekana ile ile.

Mwisho tafsiri swali moja tu, uhifadhi kama BRF, aina ya faili la nukta nundu lililo tayari kuchapwa, ulichape na umpe mwanafunzi wa darasa jingine alisome kwa vidole. Akilisoma bila kukwama, chapa mtihani wote jioni hiyo hiyo, umeme ungalipo.