Git kwa machalii mnaotumiana zip WhatsApp

Aisee kama bado mnatumiana duka_mwisho.zip, duka_mwisho_kabisa.zip, duka_HILI_NDO.zip, kaa hapa nikuelekeze. Sisi tulikuwa watatu, mi niko Sakina, mmoja Njiro, mwingine Moshi kule Soweto, tunatengeneza sistimu ya duka la spea, siku moja jamaa wa Moshi akapakia zip yake juu ya yangu na kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Nyama choma ya wikiendi ile alilipa yeye.

Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili yenu, ichukulie kama daftari la mangi, nani kachukua nini, lini, na ukurasa wa nyuma haupotei. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. GitHub ni kitu kingine, ni sehemu ya mtandaoni mnapoweka nakala ya daftari, watu wanachanganya sana hapo. Git yenyewe inakaa kwenye laptopu yako, kwa hiyo hata bando likiisha unaendelea kukomiti tu (kuandika mabadiliko yako kwenye daftari), intaneti utaitaka wakati wa kuvuta (pull) au kusukuma (push) kazi.

Ubuntu fungua terminali (dirisha la kuandika amri) andika sudo apt install git, Windows shusha kutoka git-scm.com. Halafu weka jina na email kwa git config --global user.name na user.email, ukiruka hii komiti ya kwanza itakugomea. Mmoja wenu afungue repo (folda ya mradi) GitHub, awaalike wengine kama collaborators (washiriki), nyie mfanye git clone kushusha nakala. Ikikataa nywila yako usipaniki, toka Agosti 2021 GitHub haipokei nywila ya akaunti kwenye terminali, tengeneza tokeni (nywila maalum ya kutumia hapo) au tumia SSH (ufunguo unaokaa kwenye laptopu yako).

Kila siku ukikaa kwenye kiti, kabla hujagusa kitu, git pull. Halafu jitengenezee tawi lako (njia ya pembeni ya kufanyia kazi bila kugusa ya wenzako), git switch -c risiti, fanya kazi, git status uone umegusa nini, git add kuchagua mafaili ya kukomiti, git commit -m na ujumbe unaoeleweka. "Rekebisha VAT kwenye risiti" ni ujumbe, "mabadiliko" sio ujumbe. Komiti kidogokidogo, usingoje Ijumaa. Ukimaliza git push -u origin risiti, fungua pull request kule GitHub (ombi la kuingiza kazi yako), mwenzako aisome ndo iingie main, tawi kuu.

Sasa mgongano, hapa ndo wengi wanakimbia. Mi kwenye mstari wa VAT niliandika 0.18, jamaa akaandika 18, na wote tulikuwa tumegusa mstari uleule. Nilipovuta main kwenye tawi langu kwa git pull --no-rebase origin main, Git ikasimama ikaniwekea hivi:

<<<<<<< HEAD
vat = 0.18
=======
vat = 18
>>>>>>>

Ya juu yangu, ya chini yake. Nikataka nifute yake tu niendelee, bahati nikampigia, kumbe yeye kule chini alikuwa anagawanya kwa 100, ningelazimisha yangu risiti zingetoka na VAT ya ajabu kabisa. Kwa hiyo ongeeni kwanza, acheni mstari mnaokubaliana, futa zile alama zote, git add, git commit, basi. Na usije ukafanya push --force kwenye main ukidhani unamaliza ubishi, unafuta kazi ya watu.

Ah, nywila za databesi, ziweke kwenye faili la .env na jina lake uliandike ndani ya .gitignore (orodha ya mafaili Git isiyaguse) kabla ya komiti ya kwanza. Ukishaipush, kuifuta faili baadae haisaidii, historia inayo bado, badilisha nywila yenyewe.

Leo jioni fungueni repo ya majaribio, wote wawili mbadilishe mstari mmoja makusudi halafu mtatue mkiwa kwenye simu. Sisi ya kwanza ilituchukua kama saa nzima, siku hizi tunamaliza kabla chai haijapoa.