Uraia wa Kanada: kujaza siku ulizosafiri bila kudanganywa na muhuri wa Entebbe

Niko Busia upande wa Uganda, nina kaduka ka fotokopi na kompyuta, na wiki nzima nimekesha kwenye WhatsApp na dada yangu wa Toronto tukijaza ombi lake la uraia. Huku saa nne usiku kwake ni saa nane mchana, kwa hiyo yeye ana nguvu mimi nasinzia. Alishamaliza hesabu ya siku alizokaa Kanada, ana siku 1,101, anataka tu nimchekie. Kucheki kukatuchukua siku nne.

Sheria yenyewe ni fupi: uwe ulikuwepo Kanada kwa mwili wako siku 1,095 ndani ya miaka 5 kabla ya siku unayosaini ombi. Kama ulikaa kule kihalali kabla ya kupata PR (kibali cha ukaaji wa kudumu), labda kama mwanafunzi, siku mbili za wakati huo zinahesabiwa moja, na mwisho wake ni 365. Dada aliingia na PR moja kwa moja kwa hiyo hiyo nusunusu haikutuhusu.

Hatua ya 1: Kusanya paspoti zote

Zote, pamoja na iliyokwisha muda. Uganda ilianza kutoa hizi za kielektroniki za Afrika Mashariki mwishoni mwa 2018, wengi wetu tukabadilisha, na ile ya zamani ikabaki kwa sanduku la mama. Itafute.

Hatua ya 2: Andika safari kwa karatasi kwanza

Sio kwa simu. Najua kuna apu za kuhesabu siku, mi siziamini, unagusa vibaya kidogo mwaka unabadilika na huoni. Chukua kalenda ya ukutani na kalamu mbili.

Hatua ya 3: Tarehe zenyewe (hapa ndipo tulipolala)

Fomu inauliza lini ULITOKA Kanada na lini ULIRUDI Kanada. Haikuulizi lini ulifika Uganda. Sasa fungua paspoti yako uone: wale wa uwanja wa Toronto mara nyingi hawamgongei muhuri mtu mwenye PR, unapita kwa mashine basi. Muhuri unaouona ni wa Entebbe peke yake, na dada yangu alinakili hiyo mihuri yote kama ilivyo. Chukua safari yake ya Krismasi. Muhuri wa kuingia Entebbe ni 16 Desemba, wa kutoka ni 9 Januari, akaandika hivyo hivyo. Lakini ndege iliondoka Toronto 14 Desemba, ikalala hewani, akashinda Addis akisubiri nyingine, na kurudi alitua Toronto 10 Januari. Siku ya kutoka na siku ya kurudi zote mbili zinahesabiwa ulikuwepo, kwa hiyo ukihesabu kwa mihuri amekosekana siku 23, ukihesabu kwa tiketi ni 26. Siku tatu hizo kwa safari moja tu, na safari alikuwa nazo nne. Kwa jumla alijiongezea siku 11 ambazo hana.

Kwa hiyo tafuta tiketi. Ingia kwenye imeili, tafuta jina la shirika la ndege, na kama uliweka boding pasi kama alama ya kitabu, hongera. Kama imeili imepotea tumia vitu vya pembeni: meseji za MoMo (pesa za simu), picha za kwanjula (sherehe ya kutambulishana na wakwe) ya mdogo wetu (angalia tarehe ndani ya picha yenyewe, sio siku uliyoipokea WhatsApp), risiti ya teksi ya kwenda uwanjani. Hivyo vinakusaidia kukumbuka tu, usivitegemee peke yake. Pia unaweza kuomba serikali ya Kanada wakupe rekodi yao ya kuingia na kutoka kwako. Inachukua muda, ila ndiyo watakayolinganisha na fomu yako.

Halafu kuna hili la usiku. Dada anasema "niliondoka usiku wa Jumanne". Kwa mama yetu usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne, yaani Jumatatu jua likishazama. Kwa dada, aliyezoea ya huko, ni Jumanne baada ya chakula cha jioni. Tiketi nayo inasema 00:40 Jumatano. Watu watatu, siku tatu! Shika ya tiketi, na saa zake ni za mji ule ndege inapoondokea, usianze kubadilisha kuwa saa za Kampala.

Na 04/05 ni nini, Aprili au Mei? Tiketi nyingine zinaanza na mwezi. Andika jina la mwezi kwa karatasi yako, usiandike namba.

Hatua ya 4: Safari ndani ya safari

Akiwa huku alipanda basi akaenda Nairobi siku 6 kwa kitambulisho cha taifa, hakuna muhuri popote. Akaiweka kama safari ya tano, siku zikatolewa mara mbili. Kanada wanahesabu kutokuwepo KWAO, ukishatoka umetoka. Ni safari moja, kwenye nchi ulizoenda unaandika Uganda na Kenya. Ila ukiwa Kanada ukavuka kwenda Marekani asubuhi ukarudi jioni, hiyo iandike, ingawa haikupunguzii hata siku moja.

Hatua ya 5: Hesabu upya

1,101 toa 11, rudisha 6. Inabaki 1,096. Dada akaruka, "si nimepita!" Nikamwambia siku moja ya ziada ni kama kuvuka mpaka na shilingi mia mfukoni. Tukagombana. Mi nasema angalau mwezi mzima juu, tarehe moja tu ikiteleza uko chini. Amekubali kusubiri wiki sita.

Kusubiri kunasaidia kama miaka 5 nyuma hukuwa Kanada. Dirisha linasogea: kila siku mpya inayoingia, moja ya zamani inaanguka. Kama iliyoanguka ulikuwepo, hujapata kitu.

Hatua ya 6: Saini

Siku unayosaini iwe ile ile uliyofanyia hesabu.

Walio Uingereza, hesabu yenu ni nyingine: msizidi siku 450 nje kwa miaka 5, na 90 kwa miezi 12 ya mwisho, na siku ile ile miaka 5 nyuma muwe mlikuwa ndani ya nchi. Ila ugonjwa wa muhuri wa Entebbe ni ule ule.

Kama umeshatuma na kosa limo

Usinyamaze. Waandikie kupitia fomu yao ya mtandaoni, namba ya ombi, tarehe uliyoandika, tarehe sahihi, na tiketi kama ushahidi. Wakiona umedanganya makusudi wanaweza kukufungia miaka 5 bila kuomba. Na kama kuna nchi ulikaa siku 183 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 4 iliyopita, wanataka cheti cha polisi cha huko. Cha Uganda kinatoka Interpol Kampala, hicho anza kukitafuta mapema.