Kumsimamia mwanafunzi wa sekondari katika utafiti wake wa sayansi

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au mlezi anayemsimamia mwanafunzi katika utafiti ambao mwanafunzi mwenyewe ndiye mwenye swali. Nimeuandika baada ya kumsimamia binti mmoja aliyetaka kujua ni kwa kiasi gani maji ya chumvi hudumaza miche ya maharage. Kazi hiyo tulilazimika kuianza upya baada ya wiki tatu, na kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 1: Swali

"Chumvi inaathirije mimea?" bado si swali la utafiti. "Kimo cha miche ya maharage siku ya 21 kinatofautianaje inapomwagiliwa maji yenye gramu 0, 3 na 6 za chumvi kwa lita?" ni swali la utafiti, kwa kuwa linataja kitakachobadilishwa, kitakachopimwa na siku ya kukipima. Mimi simpi mwanafunzi orodha ya mada hata akiniomba, kwani aliyechaguliwa mada hurudi kila siku kuuliza afanye nini.

Hatua ya 2: Idhini

Utafiti ukihusisha watu, hata kwa hojaji fupi, au wanyama wenye uti wa mgongo, au vijidudu, idhini itafutwe kabla ya kukusanya data yoyote. Mashindano ya kimataifa ya sayansi kwa wanafunzi, yaitwayo ISEF, kwa mfano, hayaruhusu bakteria wakuzwe nyumbani.

Hatua ya 3: Jaribio la awali

Mwanafunzi ajaribu utaratibu mzima kwa vyungu viwili au vitatu, kisha matokeo hayo yasiingizwe katika data ya utafiti.

Hatua ya 4: Marudio

Hapa ndipo tulipoanguka. Binti yule alikuwa na trei tatu, kila moja ikiwa na miche 40 na kiwango chake cha chumvi. Nilihesabu miche 120 nikaridhika, hadi siku ya kupima alipouliza kwa nini miche ya trei ya katikati ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Trei hiyo ilikuwa karibu zaidi na dirisha. Chumvi na mwanga vilikuwa vimechanganyika, na hapakuwa na hesabu ya kuvitenganisha. Miche 40 iliyokaa katika trei moja ilikuwa imepata udongo mmoja, maji yale yale na mwanga ule ule, kwa hiyo kila kiwango cha chumvi kilikuwa kimejaribiwa mara moja tu. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliandikia kosa hili makala mashuhuri mwaka 1984, akionyesha kuwa hata watafiti waliobobea hulifanya.

Swali la kumwuliza mwanafunzi ni hili: kitu gani hasa kilipewa chumvi peke yake, bila kutegemea jirani yake? Kikiwa ni trei, basi idadi ya sampuli ni idadi ya trei. Safari ya pili tulitumia vyungu vidogo 15, vitano kwa kila kiwango, kila kimoja kikimwagiliwa peke yake kwa maji yaliyopimwa. Nafasi za vyungu mezani tulizipata kwa kuokota vikaratasi vyenye namba, kwa sababu mtu akipanga kwa macho, hata akidhani anachanganya, hujikuta anaweka vya aina moja pamoja.

Yapo mambo ya kuangalia zaidi. Chungu kikiwa na miche mitatu, mwanafunzi atafute kwanza wastani wa chungu, kisha alinganishe wastani tano kwa tano. Asidai kuwa ana sampuli 15 kwa kila kiwango. Kupima mche mmoja mara tano hupunguza makosa ya rula, lakini hakuongezi mche hata mmoja. Katika hojaji, wanafunzi 30 wa darasa moja wana mwalimu mmoja na ratiba moja, kwa hiyo hawawezi kuwakilisha shule kadhaa. Nafasi ikiwa finyu, ni afadhali kupunguza viwango vya chumvi kuliko kupunguza vyungu. Kwa jaribio kama hili mimi siidhinishi mpango wenye marudio chini ya matano, ingawa matano nayo hayatoshi pale miche ya kundi moja inapotofautiana sana kwa kimo. Hilo hujulikana mapema, katika jaribio la awali.

Hatua ya 5: Daftari

Daftari liwe la karatasi zilizoshonwa na liandikwe kwa kalamu ya wino. Lahajedwali ije baadaye, kwa kuwa namba iliyofutwa humo haiachi alama. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke, na tarehe iandikwe kando. Mche ukifa, iandikwe kuwa umekufa. Nafasi isiachwe wazi wala isijazwe sifuri.

Hatua ya 6: Grafu na ripoti

Vyungu vikiwa vitano kwa kila kundi, nukta tano zichorwe zote, na wastani uonyeshwe kwa mstari mfupi. Grafu ya mihimili siipendi hapa, kwani mhimili mnene huficha kwamba chungu kimoja kiliwazidi wenzake mara mbili. Ripoti aiandike mwanafunzi mwenyewe, nawe usahihishe kwa kuuliza maswali pembeni tu. Binti yule aliandika kuwa gramu 3 "hazina athari", nilimwandikia pembeni, "Je, vyungu vitano vingetosha kuiona athari ndogo?" Akaibadilisha sentensi ile kuwa: "Kwa vyungu hivi, tofauti haikuonekana."