Jinsi ya Kuomba Mahali pa Kihistoria Palindwe kwa Sheria Nchini Kenya

Gofu la msikiti, kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda wa pwani) au jengo kuukuu nchini Kenya hulindwa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Kifungu cha 25 kinampa Waziri anayehusika na turathi mamlaka ya kutangaza mahali au jengo la umri wowote kuwa turathi, kwa notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, yaani shirika la serikali linalosimamia makumbusho na turathi. Kwa hivyo ombi lenu lielekezwe kwanza kwa Makavazi, ama makao makuu Nairobi ama ofisi iliyo karibu nanyi, kama ile ya Fort Jesus mjini Mombasa.

Kabla ya kuandika barua, shughulikieni ardhi, maana hapa ndipo penye kazi kubwa. Pateni kutoka masjala ya ardhi uthibitisho kwamba eneo ni la umma, la jamii au la mtu binafsi, na ikiwa lina mwenyewe, zungumzeni naye mapema, kabla hajakutana na habari hiyo gazetini. Kisha zungukeni mipaka pamoja na wazee, majirani na mpimaji. Kisima, makaburi au njia ya kwendea matambiko ikiachwa nje ya ramani, haitaingia katika notisi, na kuirudisha baadaye ni safari nyingine ndefu.

Barua yenyewe ieleze historia ya mahali, hali yake ya sasa na hatari inayopakabili, ikiambatanishwa na ramani, picha na majina ya wanaoiunga mkono. Ombeni wataalamu wa Makavazi waje kupakagua, na wakija, wapelekwe na watu wanaopajua.

Notisi ikichapishwa, nakala humfikia mwenye ardhi, na nyingine hubandikwa mahali pa wazi katika eneo au karibu nalo. Yeyote mwenye pingamizi ana miezi 2 ya kuliwasilisha kwa Waziri, ambaye muda huo ukiisha hulizingatia, kisha huthibitisha notisi au kuiondoa.

Tangazo haliji na fedha, na jamii nyingi huumia kwa kutolitambua hilo mapema. Makavazi hutegemea mgao wa Bunge, viingilio na misaada, ilhali maeneo ya kutunzwa ni mengi. Sheria inaruhusu mkataba wa maandishi kati ya Makavazi na mwenye eneo. Uombeni, nao utaje nani ataajiriwa kuwa mlinzi, nani atalipia ukarabati, wageni wataingiaje, na ni ujenzi gani umezuiwa. Mahali pakiwa na umuhimu wa wenyeji tu, bisheni hodi kwa serikali ya kaunti pia, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa turathi zenye umuhimu wa kitaifa, huku shughuli za kitamaduni na makumbusho zikiwa miongoni mwa kazi za kaunti.

Kaya Kinondo, Kwale, iliyotangazwa mwaka 1992, inafaa kutembelewa kabla hamjatia saini. Wenyeji hupokea wageni kwa ada, huwavisha kaniki na kuwaongoza kwa kufuata miiko ya msitu. Waulizeni ada hiyo inakusanywa na nani na inagawanywaje, kisha jibu lenu wenyewe liandikeni ndani ya mkataba.