Unauguza mgonjwa nyumbani? Soma hii kabla hajaruhusiwa hospitali

Wengi wanaouguza wazazi nyumbani hawakuomba hiyo kazi, wamejikuta tu nayo. Bibi kapata kiharusi, kalazwa, daktari anapita asubuhi anasema anaendelea vizuri leo mnaruhusiwa, basi ndugu wote furaha, huyu anatafuta bajaji yule anakimbilia dirisha la malipo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kesho alfajiri nani atambadilisha pampasi na anambadilishaje kama upande mmoja wote haufanyi kazi.

Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbeya, napita majumbani. Nikikuta mgonjwa katoka vidonda mgongoni mara nyingi sio kwamba familia ni wazembe, ni kwamba hamna aliyewaonyesha. Kwaiyo neno langu kubwa ni hili: usitoke wodini kabla hujaonyeshwa, na kuonyeshwa peke yake haitoshi, ufanye mwenyewe nesi akiwa anakuangalia.

Usisubiri siku ya ruhusa maana siku hiyo kila mtu ana haraka. Anza mapema, ukiona tu mgonjwa kaanza kupata nafuu. Ongea kwa ustaarabu, "sista samahani, leo naomba nimgeuze mimi uniangalie kama napatia". Wengi hawakatai, na kusema ukweli unawapunguzia kazi. Akibanwa na shughuli mwombe wa zamu ya jioni, wodi inakuwa imetulia kidogo. Alafu anayefundishwa awe yule atakayelala na mgonjwa! Sio kaka mkubwa aliyelipa bili. Nimeona nyumba ambapo maelekezo yote alipewa baba mdogo aliyevaa koti, yeye karudi zake Tunduma kwenye biashara, na mgonjwa kaachiwa mkwe ambaye hakuwahi hata kuingia wodini.

Dawa weka kwenye daftari la shule, la kawaida tu. Kila dawa uliza jina, ni ya nini, saa ngapi, na ikiisha naipata wapi. "Kutwa mara mbili" maana yake upishanishe masaa 12, mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni, sio asubuhi na mchana. Na dawa ya presha haiachwi eti kwa sababu mzee anajisikia vizuri, anajisikia vizuri kwa sababu anaimeza. Uliza pia habari ya mazoezi ya viungo, kama hospitali ina mtu wa fizio aje kitandani awaonyeshe kabla hamjaondoka.

Sasa kugeuza, hapa ndo nataka tukae. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa mawili hivi. Usimvute mkono uliopooza, bega linachomoka kirahisi sana. Tandika shuka iliyokunjwa au kitenge kigumu chini yake, kianzie mabegani kifike mapajani, mtu mmoja huku mwingine kule, kila mmoja anaviringisha ukingo wa kitenge mpaka unagusa mwili wa mgonjwa, mnahesabu moja mbili tatu mnanyanyua kidogo mnasogeza, kisha mnamlaza ubavu. Msimburute, ngozi ya mtu mzima ikiburutwa kwenye shuka inachubuka. Akishalala ubavu weka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Na wewe unayenyanyua kunja magoti, sio mgongo, la sivyo mtakuwa wagonjwa wawili.

Kila ukimgeuza kagua: visigino, nyonga, juu ya makalio pale mkiani, viwiko, nyuma ya kichwa. Vitabu vinasema tafuta wekundu ila kwa ngozi zetu wekundu hauonekani, kwaiyo pitisha mkono. Sehemu iliyo ya moto kuliko pembeni yake, au ngumu, au imekuwa nyeusi zaidi na haibadiliki, hapo kidonda kinakuja. Usipasugue, usipake spiriti wala majivu wala sijui dawa ya meno, paondolee uzito tu na uhakikishe pakavu. Pakishapasuka peleka zahanati siku hiyo hiyo.

Kulisha: mkalishe wima kabisa, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, weka upande wa mdomo ulio mzima, subiri ameze ndo ulete kingine. Angalia na shavu la upande uliopooza maana chakula kinajificha huko. Akimaliza akae hivyo hivyo kama nusu saa. Akipaliwa kila anapokunywa maji, au sauti inakuwa kama ina maji ndani, usikomae nae nyumbani, rudi hospitali waangalie anavyomeza, maana chakula kikienda kwenye mapafu kinaleta nimonia. Mwenye mpira wa mkojo mfuko ukae chini ya usawa wa kiuno, usilale sakafuni.

Na hii ni ya kwetu sisi wa nyanda za juu. Juni na Julai ukiwa Uyole, Makete au Mafinga unajua mwenyewe baridi yake, na watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani kwa mgonjwa wanafunga dirisha. Jamani! Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini, jiko libaki jikoni. Mgonjwa ongezea blanketi, soksi na kofia. Chupa ya maji ya moto usiiweke upande uliopooza, hasikii, ataungua mpaka malengelenge na hatasema kitu.

Tukija kwenye misaada. Hospitali za wilaya na za rufaa zina afisa ustawi wa jamii, na watu wengi wanamfikiria siku bili imeshawashinda tu, wakati angeweza kufuatwa toka siku ya pili ya kulazwa. Huyo ndo anashughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo, nenda na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji mkononi ili usizungushwe. Mgonjwa akiwa na miaka 60 na kuendelea na hana uwezo, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua kwenye matibabu bila malipo, ulizia kitambulisho cha wazee na dirisha lao. Huku mitaani ulizia mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa mwenyekiti, mpango wao wa sasa ulizinduliwa Januari 2024, na Njombe, Iringa na Mbeya wahudumu wa majumbani watu wanawafahamu toka enzi za kuuguza wagonjwa wa ukimwi, sio kitu kigeni. Ukikwama usiku na unataka ushauri tu, 199 ni namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Ndugu sasa. Kuna yule wa Dar anayetuma elfu ishirini alafu anapiga simu kila jioni kutoa amri, "mama anakula matunda?" Usigombane nae, mpe kazi yenye jina. Weka kwenye grupu la familia: huyu pampasi za mwezi mzima, yule anakuja mwisho wa mwezi analala na mama siku mbili we unaenda kupumzika kwenu, mwingine nauli ya kliniki. Msaada wa jumla jumla hauna mwenyewe. Na unayeuguza usione aibu kuomba siku yako, mtu akishaanza kumfokea mgonjwa kwa kitu kidogo ujue hajalala, sio kwamba kawa mbaya.

Siku ya kliniki ya mgonjwa, na wewe omba upimwe presha hapo hapo, mwambie daktari "mimi ndo namuuguza, silali, mgongo unauma". Asipouliza we sema, na andika majibu yako ukurasa wa nyuma wa lile lile daftari la dawa.